Barua ya wazi kwa Amiri Jeshi Mkuu: Mabomu ya angani yanaua, hayalindi

Kwa Mheshimiwa Rais, Amiri Jeshi Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya. Waziri wa Ulinzi. Mkuu wa Majeshi. Na Kamati ya Bunge la Taifa inayosimamia mambo ya ulinzi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Lamu. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, kila Al-Shabaab wanapotuua, jambo la kwanza ambalo taifa hutangaziwa ni ndege: ndege za kivita zimeruka, kambi zimeteketezwa, magaidi kadhaa wameangamizwa. Baada ya muda mfupi habari hiyo huisha, na sisi wa huku tunarudi Mokowe kukaa ndani ya mabasi tukisubiri polisi watusindikize kwenye barabara ya kutoka Lamu, kupita Lango la Simba na Nyongoro hadi Gamba. Nasema hivi kwa heshima zote za vyeo vyenu: mabomu ya angani yanaua, lakini hayalindi. Na maadamu tunayahesabu kuwa ndiyo ushindi wenyewe, kazi inayolinda watu inabaki bila wa kuifanya.

Sina huruma na Al-Shabaab. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 waliingia Mpeketoni wakati watu wanatazama Kombe la Dunia. Waliwatoa wanaume majumbani na hotelini, wakawauliza dini yao, wakawapiga risasi. Kwa usiku ule na uliofuata waliuawa zaidi ya watu 60. Julai 2017 walifika Jima na Poromoko, wakawakata vichwa wanaume tisa. Januari 2022 ilikuwa Widhu, Juni 2023 Juhudi na Salama. Nayataja majina haya kwa sababu huko Nairobi huenda yakasikika kama orodha tu, na hapa ni watu tuliouziana nao mahindi na ufuta, tuliopanda nao basi moja. Anayefanya mambo hayo akipigwa na serikali yangu, sina chozi la kumlilia. Wala simdharau rubani, wala mwanajeshi anayelala porini Baure ili mimi nilale kitandani. Ninachouliza ni kama kazi mnayowatuma inatufikisha mahali.

Chukueni Garissa. Alhamisi ya tarehe 2 Aprili 2015 watu wanne wenye bunduki waliingia chuo kikuu alfajiri. Walikufa watu 148, karibu wote wanafunzi. Recce, kikosi maalumu cha polisi, kilifika saa nyingi baada ya risasi ya kwanza, na kilipoingia ndani kiliimaliza kazi kwa muda mfupi. Siku tatu baadaye ndege zetu zikavuka mpaka na kupiga kambi mbili za Al-Shabaab mkoani Gedo, Somalia, Gondodowe na Ismail, na msemaji wa jeshi akasema zimeharibiwa. Al-Shabaab wakasema mabomu yameanguka mashambani. Tuchukulie kwamba jeshi lilisema kweli na wao walidanganya. Je, aliyepigwa Gedo ndiye aliyeua Garissa? Mmoja wa wale wanne alikuwa Mkenya aliyehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu kutoka Mandera, na baba yake alikuwa tayari ameripoti kwamba kijana wake amepotea. Aliyetajwa kuwa mpangaji mkuu, Mohamed Kuno, aliwahi kuwa mwalimu wa madrasa hapo hapo Garissa. Kuno aliuawa mwaka 2016 karibu na Kismayo, na waliomuua ni askari wa Jubaland, jimbo la kusini mwa Somalia, waliomshambulia ardhini. Taarifa ya baba ilikuwepo. Chuo kilikuwepo, na walinzi wake walikuwa wachache mno. Kilichokosekana ni mtu wa kuipokea taarifa na kuifanyia kazi, na ndege ya kuwabeba Recce mapema. Ndege za kulipiza zilipatikana.

Mnakumbuka pia Mahad Karate. Baada ya msiba wa Januari 2016, Al-Shabaab walipoivamia kambi yetu ya El Adde, Somalia, ambao idadi kamili ya wanajeshi wetu waliofia kule taifa halikutangaziwa, jeshi lilitangaza kwamba ndege zake zimemuua Karate, mkuu wa idara ya ujasusi ya Al-Shabaab. Wao walikanusha. Novemba 2022 Marekani ikaipandisha zawadi ya atakayesaidia kumpata mtu huyo huyo hadi dola milioni 10, maana yake kwao bado yu hai. Sijaona siku ambayo mmoja wenu alisimama mbele ya Wakenya kulisahihisha tangazo la mwaka 2016. Familia za El Adde zilipewa jina la Karate kuwa kifuta machozi, na hata hilo halikuwa la uhakika.

Na hata pale ambapo aliyelengwa kweli amekufa, tazameni kilichofuata. Ahmed Abdi Godane aliuawa na ndege za Marekani tarehe 1 Septemba 2014 karibu na Barawe, Somalia. Huyo alikuwa kiongozi mkuu, na kifo chake hakina ubishi. Kabla wiki haijaisha Al-Shabaab walikuwa wamemtaja mrithi, Ahmed Diriye. Novemba mwaka ule ule waliwashusha abiria kwenye basi Mandera wakaua 28. Desemba wakaua wachimba mawe 36 huko huko Mandera. Aprili ikawa Garissa, Januari iliyofuata El Adde. Machi 2016 Marekani ilipiga kambi ya Al-Shabaab ya Raso, Somalia, na kusema wapiganaji wapatao 150 wamekufa kwa pigo moja. Mwaka uliofuata, Oktoba 2017, lori lililojaa milipuko liliua zaidi ya watu 500 katika makutano ya Zoobe, Mogadishu. Wamarekani waliongeza kasi: mashambulizi 35 mwaka 2017, 47 mwaka 2018, 63 mwaka 2019. Januari 2020, baada ya miaka hiyo mitatu mizito, Al-Shabaab walitembea hadi uwanja wa ndege wa Manda, hapa kwetu, uliotumiwa na askari wa Marekani, wakaua Wamarekani watatu na kuziteketeza ndege zikiwa chini. Moshi ule tuliuona kwa macho.

Kwa nini inakuwa hivi? Sababu si siri, na maafisa wenu wanaijua kuliko mimi. Ndege aina ya F-5 tulianza kuzipata mwishoni mwa miaka ya 1970, na zilitengenezwa kwa ajili ya vita vya nchi na nchi, kupigana na ndege nyingine na kupiga kitu kikubwa kinachoonekana. Inapita kwa kasi. Rubani ana sekunde chache tu za kuamua. Helikopta huenda polepole lakini husikika kutoka mbali, na anayeisikia ana muda wa kuingia chini ya miti. Droni hukaa juu kwa saa nyingi na kuona vizuri zaidi, ila kamera huonyesha mtu, haionyeshi nia yake. Al-Shabaab wamejifunza yote haya. Hawakai tena kambini kwa wingi kama walivyokaa Raso. Wanatembea watu wanne watano, usiku, wakitega vilipuzi barabarani na kutoweka kabla alfajiri haijaingia. Kamanda akiuawa, aliyekuwa chini yake anapanda. Na mfuko wao hauko kambini: wanatoza kodi malori, masoko, mifugo, mashamba na bidhaa za bandarini, na makadirio ya Umoja wa Mataifa na ya Marekani yanataja zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Mfanyabiashara wa Mogadishu anayelipa kodi mara mbili, kwa serikali na kwao, hawalipi Al-Shabaab kwa sababu wana kambi Gedo. Anawalipa kwa sababu wanaweza kumfikia dukani kwake jioni, na serikali haiwezi kumzuia atakayekuja. Hakuna bomu linaloweza kulitatua hilo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni wale wanaopigwa wasiokuwemo vitani.

Tarehe 30 Oktoba 2011, wiki mbili baada ya majeshi yetu kuingia Somalia, ndege ya Kenya ilipiga Jilib. Bomu liliangukia kambi ya watu waliokimbia njaa; mnakumbuka ulikuwa mwaka wa njaa kubwa iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa. Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa wanawahudumia watu hao, walisema waliokufa ni watano, na majeruhi ni zaidi ya 40, wengi wao watoto. Jeshi letu lilijibu kwamba lililipiga gari la Al-Shabaab lililobeba silaha, na kwamba gari hilo ndilo lililokimbilia kambini likiwaka na kulipuka. Uchunguzi uliahidiwa. Mimi, Mkenya ninayelipa kodi iliyonunua bomu lile, sijawahi kuusoma. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano Jilib siku ile sasa ni kijana mzima. Alichoambiwa kuhusu Kenya tangu siku ile ameambiwa na Al-Shabaab, kwa sababu sisi hatukumwambia kitu.

Wenzetu nao hawako salama na lawama hii. Kwa muda mrefu Marekani ilisema mashambulizi yake Somalia hayajaua raia hata mmoja. Machi 2019 Amnesty International ikatoa ripoti iliyotaja raia 14 katika mashambulizi matano. Mwezi uliofuata kamandi yao ya Afrika ikakiri kwamba shambulizi la Aprili 2018 karibu na El Buur liliua mwanamke na mtoto. Mwaka mzima ulikuwa umepita. Machi 2024 droni zilizotengenezwa Uturuki zilipiga shamba huko Shabelle ya Chini, na Amnesty ikahesabu raia 23 waliokufa, 14 kati yao watoto. Hata hivyo Marekani, Aprili 2020, ilianza kuchapisha kila robo mwaka ripoti ya malalamiko ya raia waliodhurika: yapi yamethibitishwa, yapi hayakuthibitishwa, yapi yanachunguzwa. Ripoti hizo zina kasoro zake, na wenye misiba wengi wanalalamika kwamba hawakupewa chochote. Lakini zipo. Za kwetu ziko wapi?

Nchi hii ina sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Tembo akimuua mtu Lamu, familia inastahili shilingi milioni tano. Imeandikwa na bei imewekwa, hata kama malipo yenyewe huchelewa mpaka watu wakachoka kufuatilia. Sijaona jedwali kama hilo kwa mchungaji ambaye ng'ombe wake, au mke wake, amepigwa na bomu la serikali. Huo ni upungufu ambao Bunge linaweza kuuziba bila kuuliza mtu yeyote nje ya Kenya.

Na sasa msitu wa Boni, kwa sababu huko ndiko mabomu yameanguka ndani ya nchi yetu, juu ya raia wenye vitambulisho vya Kenya.

Septemba 2015 mlianzisha Operesheni Linda Boni. Tuliambiwa itachukua siku 90. Hifadhi za Boni na Dodori kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 2,000 za vichaka na miti iliyofungamana hadi mpakani. Ndege zilipiga, mizinga ikapiga, zikatangazwa kambi zilizoharibiwa. Siku 90 zikaisha, miaka ikafuata, operesheni ikabadilishwa jina ikawa Amani Boni. Julai 2017, operesheni ikiwa katika mwaka wake wa pili, Al-Shabaab walikivamia kituo cha polisi cha Pandanguo. Siku chache baadaye ndipo ikawa Jima.

Ndani na pembezoni mwa msitu huo wanaishi Waboni, wenyewe hujiita Aweer. Basuba, Milimani, Mangai, Mararani, Kiangwe, Pandanguo, Bar'goni: vijiji vidogo, watu wachache, na hata kwenye siasa za kaunti sauti yao ni ndogo. Hawakuchagua kukaa hivyo kando ya barabara. Wakati wa vita vya Shifta miaka ya 1960, vya waliotaka kaskazini mashariki ijitenge na Kenya, serikali iliwatoa ndani ya msitu na kuwakusanya vijijini ili wasichanganyike na waasi. Wabajuni wengi wa kaskazini walikimbia vijiji vyao wakati ule ule, na wengi hawajarudi mpaka leo. Kwa hiyo mnapomwambia mzee wa Kiboni kwamba anahamishwa kwa muda ili msitu usafishwe, yeye anajua muda huo unaweza kuwa na urefu gani.

Kabla ya operesheni, Waboni waliishi kwa kurina asali. Mrina asali huingia msituni na wenzake wawili watatu, humfuata ndege anayewaongoza hadi kwenye mzinga, hupanda mti, huwasha moto mdogo wa moshi mwingi ili nyuki watulie. Wanabeba panga, kamba, vyombo, mizigo mgongoni. Wanalala humo siku kadhaa. Nawaombeni mfikirie watu hao wanaonekanaje kwenye kioo cha aliyeko Nairobi au Manda: wanaume wachache, moto porini, mizigo, silaha za chuma mikononi. Ndiyo maana walikatazwa kuingia msituni. Walikatazwa riziki yao, na kwa miaka mingi hawakupewa nyingine ya kushika nafasi yake zaidi ya chakula cha msaada. Mama mmoja wa Mangai alinieleza kwamba siku za helikopta alikuwa anapika mapema na kuuzima moto kabla jua halijazama, kwa hofu kwamba moshi wa sufuria yake utadhaniwa ni moshi wa kambi. Alinieleza hayo bila hasira, kama mtu anayeeleza habari ya mvua. Hasira ilikuwa yangu.

Shule za wadi ya Basuba zilifungwa mwaka 2014 na zikakaa hivyo kwa miaka. Zahanati nazo zikafungwa, kwa sababu wahudumu walikimbia. Watoto wa Kiboni waliokuwa darasa la kwanza mwaka ule wengine walioa na kuolewa kabla shule ya kijiji chao haijasimama sawasawa. Na hapa sina budi kuwashukuru: shule chache zilipofunguliwa tena, ilifika wakati helikopta za serikali ndizo zilizowapeleka walimu, kwa kuwa barabara ilikuwa imejaa vilipuzi. Sijasikia mtu wa Basuba akilalamika juu ya ndege hizo. Waheshimiwa, hilo ndilo pigo kubwa zaidi ambalo Al-Shabaab walipata katika wadi ile kutoka angani, na halikutangazwa na msemaji yeyote wa jeshi.

Aliyewahi kuishi karibu na msitu huu anajua kwamba hakuna mgeni anayepita ndani yake bila Mboni kumwona. Wanajua nyayo, wanajua moto wa jana na wa juzi, wanajua kisima kipi kimenywewa. Hakuna droni iliyo na maarifa hayo. Lakini mtu akiona nyayo, amwambie nani? Akienda kambini kusema, Al-Shabaab watamfuata usiku. Asiposema, askari watamuuliza kwa nini hakusema, na huenda akachukuliwa. Vijana wa pwani waliochukuliwa na watu wasiojulikana ndani ya magari yasiyo na namba tunawajua kwa majina, na mama zao bado wanabisha hodi kwenye vituo vya polisi. Kila kijana aliyepotea hivyo amewanyamazisha watu ambao wangewaambia bomu linalofuata limetegwa wapi.

Tazameni pia Baure. Tarehe 14 Juni 2015 Al-Shabaab waliishambulia kambi yetu ya Baure alfajiri, na wanajeshi wetu waliwarudisha nyuma kwa mapigano ya ardhini. Wawili wetu walikufa. Kwa upande wa pili walianguka zaidi ya kumi, miili yao ikiwa pale, miongoni mwao Luqman Osman Issa, Mkenya aliyekuwa kiongozi wa kundi lililotuua Mpeketoni, pamoja na Mwingereza Thomas Evans. Hakuna aliyekanusha, kwa kuwa sura zilionekana. 

Msinielewe kwamba nataka ndege zote zikae chini. Kambi ya wanajeshi ikivamiwa, ndege inayofika mapema huokoa maisha, na wenye ndugu zao waliokuwa kwenye kambi zetu za El Adde na Kulbiyow huko Somalia wanajua maana ya kuchelewa. Na kuna mahali mashambulizi ya angani yalisaidia kuirudisha ardhi. Mwaka 2022 watu wa mkoa wa Hiiraan, Somalia, walichoka na kodi, na kuchomewa nyumba, na visima vyao kulipuliwa. Wakashika silaha wenyewe, wale wanaoitwa Macawisley, na jeshi la Somalia likaungana nao. Ndege za Marekani na droni za Kituruki zikawafunika kutoka juu. Ndani ya miezi michache miji iliyokuwa mikononi mwa Al-Shabaab kwa miaka mingi ilikombolewa: Adan Yabaal Desemba 2022, Xarardheere na Galcad Januari 2023. Kilichoanza ni watu, ndege zikafuata. Kisha angalieni mwisho wake: serikali haikuweza kuishika ardhi ile, polisi na mahakama na malipo ya wapiganaji havikufika kwa wakati, koo zikaanza kuvutana, na Aprili 2025 Al-Shabaab wakarudi Adan Yabaal. Ndege zilikuwa bado zinaruka siku walipoingia.

Katiba inatupa haki ya kuomba haya ninayoyaomba. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 241 kinasema majeshi yanaweza kupelekwa kurudisha amani mahali popote ndani ya Kenya kwa idhini ya Bunge la Taifa tu. Basi Bunge lililotoa idhini lina wajibu wa kuuliza idhini hiyo imetumikaje.

Nataka kila shambulizi la ndege, liwe Somalia au Boni, liandikiwe taarifa kwa Bunge: lilifanyika wapi, lini, lililenga nini, na nani alikwenda chini kuhakikisha kilichopigwa. Yaliyo siri ya kweli, kama jina la mtoa habari, yafichwe. Idadi ya raia waliokufa si siri ya kijeshi, maana waliofiwa tayari wanaijua. Msitangaze tena jina la kamanda kabla ya kuwa na ushahidi, na mkishakosea, rudini mseme.

Nataka iwepo ofisi ambayo mchungaji wa Gedo au mrina asali wa Milimani anaweza kuifikia na kusema kwa Kisomali, Kiboni au Kiswahili kwamba bomu limenipiga, bila ya kwenda kituo kile kile cha polisi anachokiogopa. Iwe na daftari, iwe na muda wa kujibu, iwe na fidia iliyowekwa kisheria kama ile ya tembo. Na ianze na Jilib. Watu wa 2011 bado wapo.

Nataka Waboni warudishiwe msitu wao hatua kwa hatua, wakiwa wameandikishwa na wanajulikana, vijana wao wakiajiriwa kuwa walinzi wa hifadhi na askari wa akiba wa vijiji vyao, kwa mshahara unaofika mwisho wa mwezi. Walioachwa bila mshahara kwa miezi hawawezi kushindana na kundi linalolipa. Barabara ya Hindi hadi Kiunga itengenezwe kwa lami. Kilipuzi hufukiwa kwa urahisi kwenye mchanga, na kwenye lami kazi hiyo ni ngumu na huonekana. Shule za Basuba zifike darasa la mwisho la msingi, kwa walimu wa kudumu. Najua nusu ya mambo haya hayako chini ya Wizara ya Ulinzi, na hilo ndilo tatizo lenyewe: operesheni yote ilikabidhiwa wizara moja, nyingine zikakaa pembeni zikisubiri usalama upatikane kwanza.

Tena nataka mama zetu waambiwe vijana wao wako wapi. Walio hai wafikishwe mahakamani, waliokufa tupewe tuwazike.

Kwa Kamati ya Bunge nina ombi la peke yake. Bajeti ya ulinzi husomwa Juni, na mengi ya kuijadili hufanywa kwenye vyumba vya mikutano vya Nairobi. Kabla ya kuipitisha ijayo, fanyeni kikao kimoja Basuba. Njooni na mkalimani wa Kiboni, aketi mbele na si nyuma. Waulizeni wazee, kina mama na walimu, kila mmoja peke yake kama itabidi, ni nini kilichowapa usalama katika miaka hii na ni nini kilichowaondolea, kisha majibu yao yaingizwe kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge kama yanavyoingizwa ya majenerali. Jeshi lina uwezo wa kuwafikisha huko, liliwafikisha walimu.

Nasubiri majibu yenu, na nayaomba kwa maandishi.

Wenu,
Mkazi wa Lamu